Mwadime na Miji Isiyo na Mfalme

Mzee Ewald tulimzika wiki iliyopita, mvua ikinyunya, na kwenye chai ya baada ya mazishi binti yake aliniuliza mimi na baba yake tulijuana vipi. Lilikuwa swali la adabu tu, la mtu anayepita na sahani ya keki. Mwanamke wa Tanga, muuguzi, na fundi mitambo mstaafu wa Kijerumani aliyeishi peke yake karibu na Villawood. Hata mimi ningeuliza. Nikamjibu, "Through my husband." Akasema, "Oh, lovely," akasogea kwa mgeni mwingine. Wakesho, binti yangu, ambaye siku hizi amenipita kimo, aliniinamia sikioni: "Mama, mbona hukumwambia?" Ningemwambia nini, nimesimama na kikombe mkononi, watu wamevaa makoti yao tayari kuondoka? Tuliporudi nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni, na mwaka ule wote ukanirudia, mwaka wa 2014, kana kwamba mtu ameuacha mlango wazi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Merrylands, huku ughaibuni, ghorofa ya pili katika jengo la matofali mekundu, vyumba viwili na jiko ambalo ukifungua friji lazima mwenzako atoke. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na mume wangu, Mwadime, Mtaita wa Wundanyi, alikuwa anaandika tasnifu ya uzamivu juu ya sarafu za fedha za miji huru ya Ujerumani ya zamani. Nikisema hivyo leo watu hucheka, na walicheka hata wakati ule. Jumamosi moja Wakenya wenzake walikuja kula, nami jikoni nasonga ugali nikawasikia sebuleni. "Lakini huyu jamaa," mmoja alisema, "PhD ya coins za Wajerumani? Si angefanya tu nursing kama bibi yake? Shift ziko kibao." Wakaangua kicheko. Mwadime naye alicheka, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa, kisha akaanza kuwaeleza. Alisema sarafu za wafalme zote zina uso wa mfalme. Lakini Nuremberg, Augsburg, Ulm, Regensburg, miji kama hiyo haikuwa na mfalme wake. Ilikuwa chini ya kaisari tu, na kaisari alikuwa mbali. Ilijiendesha kwa baraza la wafanyabiashara na mafundi, na ilikuwa na haki ya kupiga pesa zake yenyewe. Basi ikipiga pesa, iweke uso wa nani?

"Wa mayor," mmoja alisema.

"Waliweka mji wenyewe," Mwadime akasema. "Ukuta, minara, daraja, mto. Sarafu upana wake ni kama kisoda, na ndani yake mji mzima."

Nikaleta ugali na samaki, naye akaendelea huku anakula, mchuzi ukimchuruzika kwenye kiganja. Akawasimulia jinsi vita vilipozuka watu walivyoanza kuchanganya fedha na shaba. Sarafu ikitoka ilikuwa inang'aa nyeupe, ikipita mikononi kwa miezi michache inageuka nyekundu, na mkate unapanda bei kila asubuhi hadi wake wa mafundi wakamiminika barabarani. "Hiyo ni kama shilingi yetu kabisa!" yule wa nursing alipaza sauti, na kuanzia hapo hakuna aliyecheka tena. Waliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Nilimtazama mume wangu nikiwa nimeegemea mlango wa jiko, nikajiambia kwamba mtu huyu angeweza kulifanya hata jiwe litake kujua.

Sisi wawili lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Mimi nilizaliwa nacho. Chake kilikuwa cha shuleni na cha Nairobi, na alipenda kukivunja makusudi anichokoze. "Kiatu yangu iko wapi?" angeuliza, nami nashindwa kujizuia: "Kiatu changu kiko wapi!" "Chako pia kimepotea?" Kitaita chake sikukijua. Alikizungumza kwenye simu na dada yake Mkawasi, siku za Jumapili, na sauti yake ikiwa humo ilikuwa ya mtu mwingine kidogo, mdogo zaidi, mwenye haraka. Kijerumani alikisoma kwa ajili ya hati za kale. Kiingereza kilikuwa cha chuo, cha visa, na cha Wakesho. Mtoto alikuwa na miaka mitano, Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. "Wakesho, umekula?" "I don't want the crust." Tuliishi hivyo, nyumba ya lugha nne, na sikuwahi kufikiri kwamba lugha ni kitu kinachoweza kuondoka nyumbani kimojakimoja kama wapangaji.

Mzee Ewald tulimpata kupitia profesa wa Mwadime. Alikuwa na mkusanyiko wake mwenyewe wa sarafu zile, na aliposikia kuna Mwafrika anayeziandikia tasnifu alitaka kumwona. Alituita sote. Alikuja nchi hii akiwa mtoto, wakalala na wazazi wake katika hosteli ya wahamiaji pale Villawood, na hakuwahi kuhamia mbali na hapo. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, safi mno, ina harufu ya kahawa na ya mafuta ya mashine. Alitukatia keki ya matunda ya plamu, akaikunja taulo mara mbili juu ya meza ili sarafu ikianguka isiumie, akavuta droo zenye kitambaa cha kijani. Hadi siku ile Mwadime alikuwa ameona nyingi kwenye picha tu. Alifuta vidole vyake kwenye suruali, akaishika ya kwanza kwa ukingo. Ya Augsburg ilikuwa na tunda la msonobari, nembo ya mji huo. Ya Hamburg ilikuwa na ngome ya minara mitatu. Ya Ulm ilikuwa ya mraba, na mzee alieleza kuwa wakati wa vita wenyeji walitoa vyombo vyao vya fedha ili mji ujikomboe, na sarafu zikakatwa upesi bila kuviringwa. Niliwafikiria wanawake wa Ulm wakitoa vijiko vyao. Kwetu Tanga bibi yangu alikuwa na bangili za fedha zilizoyeyushwa kutokana na riale, sarafu za zamani za pwani, na nikasema hivyo. Mwadime akanitazama kwa furaha, akamwambia mzee kwamba Kiswahili kina neno moja tu, fedha, kwa madini na kwa pesa. Mzee akalirudia neno, akilionja: "Feza. Feza."

Wakesho alipewa lenzi aione ya Regensburg. "There's a bridge!" alipiga kelele. "There's a teeny tiny bridge! Who lives there?" Baba yake akampakata, akamwonyesha nyumba moja baada ya nyingine, huyu ni mwoka mikate, huyu ni fundi wa kengele, huyu ni mtoto aliyekataa kula ganda la mkate. Tulirudi huko mara nyingi, kila baada ya wiki mbili tatu. Nadhani zile zilikuwa alasiri za mwisho ambazo sikuwa na hofu ya kitu chochote.

Siku moja ya mwezi wa Aprili tulikuwa mezani kwa mzee. Alimwuliza Mwadime jambo kwa Kijerumani, kama walivyozoea, na Mwadime akamjibu. Akamjibu kwa utulivu, kwa kirefu, mkono ukionyesha sarafu, kisha akangoja jibu. Alikuwa amemjibu kwa Kiswahili. Nilicheka, nikadhani ni mchezo. Mwadime akanigeukia kwa mshangao, akaniuliza ninacheka nini, na hapo nikaona usoni mwake kwamba hakujua. Mzee Ewald aliweka kikombe chini polepole. Hakumtazama Mwadime. Alinitazama mimi tu. Mimi ni muuguzi. Nilichukua koti la mtoto.

Hospitali walikuta uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Walipasua, wakatoa walichoweza, wakampa dawa na mionzi, na daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alinieleza mambo yote kwa Kiingereza kile ambacho na mimi hukitumia kuwaeleza watu wengine. Nilimwuliza kuhusu lugha. Akasema wagonjwa hutofautiana, hakuna kanuni, wengine hupoteza zote kwa pamoja. Kwa Mwadime ziliondoka kwa zamu. Kijerumani kilikwenda chote kabla ya majira ya baridi, ambayo huku huanza Juni. Alikaa na hati zake mbele yake, akaniambia, "Ni kama kutazama nyayo za kuku." Kiingereza kilifuata, si kwa siku moja, bali kwa matobo. Alianza kwa kusema "the thing, the thing". Kisha profesa alipokuja kumtembelea, Mwadime alimsikiliza kwa makini, akitabasamu, na mgeni alipoondoka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anasema nini yule?"

Kilichonivunja zaidi ni asubuhi ya siku ya shule, mezani. Wakesho alikuwa anamweleza baba yake habari ndefu ya rafiki yake na kipepeo, kwa Kiingereza, mdomo umejaa uji. Mwadime alimwangalia kwa mapenzi yote ya dunia, na nikaona kwamba hashiki hata neno. Mtoto naye akaona. Kijiko kikasimama hewani. Akafikiri. Kisha akasema, polepole, kwa lafudhi yake ya Merrylands, sentensi yake ya kwanza nzima ya Kiswahili ambayo niliwahi kuisikia: "Baba, mimi... nimeona kipepeo. Yeye alikuwa kubwa."

"Alikuwa mkubwa," Mwadime alisema. "Rangi gani?"

"Yellow."

"Njano."

"Njano," mtoto akasema.

Nilikwenda kusimama bafuni nimefungulia maji. Miaka mitano nilikuwa nimembembeleza mtoto huyu aseme Kiswahili, kwa peremende, kwa nyimbo, kwa kufoka. Sasa kimekuja, na sikukitaka kwa bei hiyo.

Nilipunguza shift. Wenzetu walitubeba. Mama Béa, jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya chini, alipanda kila siku na sufuria, "Kula, dada Zawadi, vraiment, wewe utaanguka mbele ya yeye," naye hakuondoka mpaka aone nimekula. Yule Mkenya wa nursing alianza kuja Jumamosi kumnyoa ndevu Mwadime, akileta samaki na magimbi kutoka soko la Cabramatta, wakae kimya wawili watazame mpira. Mzee Ewald alikuja pia. Aliogopa ngazi lakini alizipanda. Mwezi wa Agosti alikuja na sarafu ya Regensburg mfukoni, ndani ya kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Mwadime. Hakuwa na lugha tena ya kumsemesha. Akaniambia mimi, kwa Kiingereza, "Muulize. Muulize kwa nini walizifanya nzuri hivi. Alisema atanieleza akimaliza sura ya mwisho."

Nikamwuliza. Nilidhani hatajibu. Mwadime aliigeuza sarafu, upande wa kaisari na upande wa mji, akaanza kusema, na Kiswahili chake siku ile kilikuwa safi kuliko nilivyowahi kukisikia, hakuna alipokivunja. Alisema sarafu za kwanza za miji ile zilikuwa za kawaida, nembo tu na maandishi, wakati miji yenyewe ilikuwa na nguvu. Zile nzuri, zenye daraja na madirisha na mashua mtoni, zilikuja baadaye, wakati biashara ilikuwa imehama na wafalme wa jirani wamekwisha kunenepa. "Walijua wanakwisha," alisema. "Si wote, lakini wale wa barazani walijua. Kwa hiyo wakamwita fundi hodari, wakamwambia, chora kila kitu. Usiache nyumba hata moja." Nilitafsiri kwa mzee kadiri nilivyoweza, kwa Kiingereza changu cha kupima presha na kufunga vidonda, nikisita kila mahali. Mzee Ewald alitoa miwani. "So that's the thesis," alisema. Ndiyo. Ilitolewa sebuleni Merrylands, kwenye kochi la mkono wa pili, mbele ya watahini wawili, na mmoja wao alikuwa ameshika kikombe cha dawa. Haikuandikwa. Nimejaribu mara kadhaa kuiandika mimi, na kila mara naishia kuandika juu yake yeye.

Baada ya hapo alishuka haraka. Tulimtengenezea kitanda cha hospitali sebuleni, upande wa dirisha, kwa sababu hakutaka kwenda mahali pengine na mimi sikutaka aende. Kiswahili kikaanza kumtoka. Kwanza majina ya vitu: kikombe, mto, mlango. Alinitazama kama mtu anayeniomba radhi. Nilijaribu kumchokoza, nikamwuliza, "Kiatu yangu iko wapi?", nikingoja anirudishie. Alitabasamu kwa sababu nilikuwa nimetabasamu. Siku chache baadaye aliamka akisema Kitaita, na hakurudi tena upande wetu.

Sijui kama naweza kueleza hali ya wiki zile. Hakuwa kimya. Ningeweza kuvumilia kimya. Nimekaa na watu wengi kwenye kimya chao. Yeye alizungumza. Alizungumza kwa upole, kwa sentensi kamili, macho yake yakinifuata chumbani, akingoja jibu. Nilishika neno hapa na pale, kwa kuwa lugha zetu ni za ukoo mmoja, lakini kila nikidhani nimelishika lilikuwa limekwisha kupita. Nilimpa maji, akashukuru kwa kichwa, akarudia. Nilimgeuza ubavu, nikamfunika, nikamwinua, akarudia. Lilikuwa jambo lilelile, nililitambua kwa mwendo wa sauti. Wakesho aliniuliza, "Mama, Baba anataka nini?" Nikamwambia sijui. Kwa siku kadhaa hilo ndilo jibu pekee nililokuwa nalo nyumbani kwangu mwenyewe: sijui.

Mkawasi, wifi yangu, alikuwa akipiga simu kila mara, lakini Mwadime alipowekewa simu sikioni alishtuka na kunyamaza, akaisukuma. Basi alasiri moja nilimpigia mimi, nikaiweka simu juu ya blanketi, nikafungua sauti, nikamwomba wifi asiseme chochote, asikilize tu. Nilikuwa nimetoka kazini, bado nina sare yangu ya bluu na beji kifuani. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Nikamsogelea Mwadime, nikamshika mkono. Naye akaanza, sauti ileile, mwendo uleule, akafika mwisho, akangoja.

Nikaiinamia simu.

"Wifi," nikasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Anataka nini? Ana maumivu?"

"Hapana. Hana maumivu, wifi." Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake jogoo wa Wundanyi. "Anakushukuru. Anasema wewe ni muuguzi mzuri, una mikono mipole, Mungu akubariki."

"Na nini tena? Kuna zaidi. Anasema kirefu."

"Zawadi."

"Niambie."

"Anakuomba umwitie mke wake. Anasema ameomba mara nyingi, labda wewe una kazi nyingi, hakulaumu. Anasema yuko hapo jikoni, anasikia vyombo. Jina lake Zawadi. Anasema ukimwita, umwite taratibu, usimshtue, amechoka sana siku hizi."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba wifi alikuwa analia na mimi silii. Nilikata simu. Nikamwambia Mwadime, "Sawa, ngoja nimwite," kwa Kiswahili, kana kwamba angeelewa, na labda sauti alielewa, maana aliniachia mkono. Nikaenda chumbani. Nikavua ile sare, nikaitupa sakafuni, nikavaa gauni la nyumbani na kujifunga khanga kiunoni, nikafungua nywele nilizozifunga kwa ajili ya kazi. Nikapita jikoni, kwa sababu alisema niko jikoni. Nikagusa sufuria ili isikike. Wakesho alikuwa ameketi pale chini anachora. Alinitazama, penseli mkononi. Kisha nikatokea sebuleni kupitia mlango wa jiko, nikifuta mikono kwenye khanga, kama nilivyotokea mara elfu.

Aliniona. Uso wake ulifunguka, jamani. Ulifunguka wote. Akajisogeza kidogo kando, kitanda kile chembamba, akapiga godoro kwa kiganja. Nikapanda, nikalala ubavuni pake, kichwa changu begani kwake ambako palikuwa pamebaki mfupa. Akaanza kunieleza. Hakuwa anarudia tena lile la siku zote. Lilikuwa jambo jipya, refu, lenye vituo, mahali pengine akicheka kidogo, mahali pengine akishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya watu wawili. Simu ilikuwa upande wa pili wa chumba na sikuifuata. Kila aliponyamaza nikamwitikia, "Ee." Akaendelea. "Ee, Mwadime. Ee." Nikamwitikia hivyo mpaka alipomaliza.